Sekondari Moja, Miji Mitatu: Wilaya ya Shule ya Marekani Ni Kitu Gani Hasa?

Siku ya pili baada ya Rais Donald Trump kusaini amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu ya Marekani, Machi 2025, simu yangu haikupumzika. Ujumbe mmoja wa sauti ulitoka kwa mama mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Congo, tunayekaa naye jimbo moja, Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa nchi hii. "Kaka, wanasema Trump amefunga shule. Watoto niwaamshe au niwaache walale?" Nikamwambia awaamshe. Saa moja kasorobo basi la njano lilifika kama siku zote, dereva akafungua mlango, watoto wakapanda.

Hofu yake niliielewa. Huko tulikotoka, wizara ikitikisika na shule inatikisika. Mwalimu wa Tanzania anaajiriwa na serikali na anaweza kupangiwa kazi Lindi wakati kwao ni Mwanza. Wa Kenya mwajiri wake ni TSC, na ofisi kuu iko Nairobi. Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, wa NECTA au wa KNEC. Tumekulia kwenye shule inayoning'inia kwa kamba moja kutoka juu, na kamba ikikatika kila kitu kinaanguka. Shule ya umma ya Marekani imefungwa kwa kamba nyingi, na ile nene kuliko zote imeshikwa na majirani zako. Watu wetu wengi hawaijui kamba hiyo, na mimi inaniuma, kwa sababu maamuzi mengi yanayomgusa mtoto kila siku yanafanyika hapo.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

La kwanza ni "hai skuli". Mtanzania akisikia mtoto wa ndugu yake yuko hai skuli Marekani, anawaza kidato cha tano na sita. Mkenya anawaza sekondari yote. Kwa Marekani ni darasa la 9 hadi la 12, watoto wa takriban miaka 14 hadi 18. Kwa kawaida hakuna mtihani wa kuingia wala orodha ya waliochaguliwa. Kwa hiyo shangazi aliyeko Morogoro akiuliza mtoto alipata divisheni ngapi hata akachaguliwa shule hiyo, jibu ni kwamba hakuchaguliwa. Anaishi hapo, basi.

La pili ni "wilaya ya shule", tafsiri tunayoitumia sisi wakalimani kwa kukosa bora. Neno wilaya linatupotosha. Wilaya hii haina mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na rais, haina mkuu wa polisi, haina hospitali. Wilaya ya shule ni chombo cha kazi moja tu, kuendesha shule za eneo fulani. Kwa kawaida kina bodi inayochaguliwa kwa kura, bajeti yake, wafanyakazi wake na mipaka yake, na mipaka hiyo mara nyingi haifuati ramani nyingine yoyote. Marekani ina vyombo vya aina hii takriban 13,000. Miaka ya 1930 vilikuwa zaidi ya 100,000, vingi vikiwa shule moja yenye chumba kimoja na mwalimu mmoja.

La tatu ni "ya umma". Sisi tunasema "shule ya serikali", kisha tunaitafuta hiyo serikali Washington. Haipo huko. Umma unaotajwa ni wakazi wa eneo hilo, wanaoilipia shule na kuchagua bodi yake.

Sasa, wilaya ya pamoja ya miji kadhaa ni nini? Wengine wanaitafsiri "shule ya mkoa", na mzazi anadhani ni shule kubwa ya vipaji, kama zile za kwetu zinazochukua vichwa vya mkoa mzima. La hasha. Mtanzania anao mfano mzuri zaidi, shule ya kata. Kila kijiji kina shule yake ya msingi, lakini hakuna kijiji kimoja chenye nguvu ya kujenga sekondari peke yake. Vijiji vya kata vinaungana: hiki kinatoa eneo, kile kinasomba mawe na mchanga, kila kaya inachangia, na watoto wa vijiji vyote wanakutana kidato cha kwanza. Waliopitia miaka ya MMES, mpango wa sekondari ulioanza 2004, wanaikumbuka michango hiyo na risiti zake. Mkenya ataiita harambee. Wilaya ya pamoja ni wazo lilelile, ila limeandikwa kwenye sheria, lina mgawanyo wa gharama na lina kura.

Nichukue moja ninayoifahamu, inaitwa RSU 5. Herufi hizo zinamaanisha kitengo cha shule cha miji iliyoungana, na 5 ni namba tu. Miji yake ni mitatu. Freeport, ufukweni, una wakazi zaidi ya 8,000, maduka mengi na makao makuu ya kampuni ya L.L.Bean iliyoanzishwa hapo 1912. Durham, bara kidogo kando ya mto Androscoggin, una watu 4,000 na ushee. Pownal ni misitu, mashamba na kilima cha Bradbury, na wakazi wake hawafiki 2,000. Freeport na Pownal ziko kaunti ya Cumberland, Durham iko kaunti ya Androscoggin. Hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba mpaka wa shule na mpaka wa utawala ni vitu viwili.

Mtoto wa Durham anasoma Durham Community School tangu utotoni hadi darasa la 8. Wa Pownal ana shule yake ndogo ya msingi, kisha anakwenda Freeport kwa madarasa ya kati. Watoto wa miji yote mitatu wanakutana darasa la 9, Freeport High School. Sababu ya kuungana ni rahisi kuiona ukifikiria ratiba. Darasa la pili linahitaji mwalimu mmoja mwema na chumba chenye joto. Sekondari inahitaji mwalimu wa kemia na maabara yake, wa hisabati za juu, wa Kifaransa, wa muziki, mshauri wa vyuo, kiwanja na kocha. Mji wa watu 1,500 hauwezi kubeba hayo yote kwa ajili ya watoto mia moja hivi.

Muungano wenyewe haukuja kwa mapenzi matupu. Mwaka 2007, chini ya Gavana John Baldacci, jimbo la Maine lilipitisha sheria ya kupunguza wilaya za shule kutoka takriban 290 hadi karibu 80, kwa hoja kwamba wakurugenzi na ofisi walikuwa wengi mno kwa jimbo lenye watoto wachache. Miji iliyogoma ilitishiwa kupunguziwa ruzuku. RSU 5 ilizaliwa humo, 2009. Mwaka huohuo wapinzani wa sheria walifikisha suala kwenye kura ya jimbo zima wakitaka ifutwe, wakashindwa. Lakini idadi ya 80 haikufikiwa hata kidogo. Watu wa Maine wanaipenda shule ya mji wao jinsi sisi tunavyopenda timu ya mtaa.

Na muungano unaweza kuvunjwa. Mji unaotaka kutoka unaanza na saini za wakazi wanaofikia asilimia 10 ya waliopiga kura ya gavana mara ya mwisho, halafu unapitia hatua 22 za kisheria. Freeport yenyewe ilifika hadi kura ya mwisho mwaka 2014. Wakazi wakakataa kujitoa. Nawaelezea watu hili kwa sababu wengi huuliza "nani mkubwa hapa, mji au wilaya?" Ni kama talaka: mlango upo, ila njia ya kuufikia ni ndefu makusudi.

Tuje kwenye pesa, kiini cha yote.

Ukichukua nchi nzima, serikali kuu ya Washington hutoa takriban sehemu moja kati ya kumi ya fedha za shule za umma. Zinazobaki hugawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya jimbo na wakazi wa eneo husika. Ile sehemu moja ya kumi si ndogo kwa anayeihitaji: humo mna fedha za shule zenye watoto wengi maskini, zilizoanza 1965, na za watoto wenye ulemavu, zilizoanza 1975. Zikikatwa, kuna mtoto atakayekosa msaidizi wake darasani, na hilo nalichukulia kwa uzito wote. Lakini Wizara ya Elimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, haimiliki sekondari ya Freeport wala haimlipi mshahara mkuu wake wa shule. Ndiyo sababu basi lilikuja asubuhi ile.

Jimbo nalo hukaa chini kukadiria gharama ambayo kila wilaya inahitaji ili kufundisha ipasavyo. Wapiga kura wa Maine waliamua 2004 kwamba jimbo libebe asilimia 55 ya makadirio hayo, na ilichukua miaka kumi na saba hivi kabla ya bajeti kuifikia ahadi hiyo. Kumbuka ni asilimia 55 kwa jimbo zima, haiendi sawa kwa kila mji. Jimbo linapima thamani ya ardhi na majengo yote ya mji. Mji wenye maduka na nyumba za ufukweni unaonekana una uwezo, unapewa kidogo. Mji wa mashamba unapewa zaidi.

Hapo ndipo ugomvi wa kindugu unapoanzia. Fikiria ndugu watatu wanaomjengea mama nyumba. Wa kwanza yuko Dar na mshahara mnono, ila ana mtoto mmoja. Wa pili ni mkulima, watoto wake sita ndio watakaolala kwa bibi likizo zote. Mchango upigwe kwa uwezo au kwa idadi ya watoto? Ndugu wa Dar anaona anakamuliwa, mkulima anaona anasimangwa, na wote wana hoja. Kila wilaya ya pamoja ina hesabu yake ya kugawana gharama zinazozidi makadirio ya jimbo, na ukihudhuria vikao utasikia mjadala huu ukirudi, miji ikiitana majina kwa heshima lakini kwa ukali.

Sehemu ya wakazi inatoka kwenye kodi ya majengo. Inahesabiwa kwa dola kwa kila 1,000 ya thamani ya nyumba. Mfano wa kubuni: nyumba ya dola 300,000, kiwango cha mji ni dola 14 kwa kila 1,000. Zidisha 14 kwa 300, unapata dola 4,200 kwa mwaka, na katika miji mingi sehemu kubwa ya hizo huenda shuleni.

Hapa kuna uvumi unaonikera kuliko wote, kwamba sisi wapangaji tunasomeshewa watoto bure. Nimewasikia hata wenzetu wakiusema kwa aibu, kama watu wanaokula karamu wasiyoichangia. Mwenye nyumba analipaje kodi yake ya majengo? Anaichota kwenye pango unalompa kila tarehe mosi. Kiswahili kinatumia neno moja, kodi, kwa pango la nyumba na kwa tozo ya serikali, na safari hii lugha imepatia: kodi yako ya nyumba ina kodi ya shule ndani yake.

Hesabu hii ndiyo pia inaeleza kwa nini huwezi kumpeleka mtoto shule yoyote unayoipenda. Ukivuka mpaka wa Pownal na kuingia North Yarmouth, umetoka RSU 5 umeingia MSAD 51, na mtoto anasoma Greely High School. Ukivuka daraja la Durham kwenda Lisbon Falls, ni wilaya nyingine tena. Nyumba mbili zinaweza kutazamana na watoto wake wakapanda mabasi tofauti. Anayehama nyumba bila kuuliza mpaka uko wapi anaweza kujikuta amemhamisha mtoto shule katikati ya muhula. Ipo njia ya kuomba ruhusa, lakini wasimamizi wakuu wa wilaya zote mbili sharti wakubaliane. Na ipo miji ya Maine isiyo na sekondari kabisa wala wilaya ya pamoja, ambayo humlipia mtoto ada akasome shule ya mji mwingine. Durham, kabla ya muungano, haikuwa na sekondari yake.

Ila kuna jambo moja mpaka hauwezi kulizuia. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Texas, iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya umma kwa sababu hana hati za kuishi nchini. Shule itataka ushahidi wa makazi, umri na chanjo, lakini karatasi za uhamiaji si sharti la kuandikishwa. Na familia isiyo na makazi ya kudumu, iwe iko kwenye kambi ya dharura, hotelini au imejibana sebuleni kwa jamaa, inalindwa na sheria ya 1987: mtoto anaandikishwa papo hapo, karatasi zitafuata. Kiangazi cha 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Congo na Angola, walilazwa kwenye ukumbi wa michezo wa Portland, na miaka iliyofuata familia nyingine ziliwekwa hotelini katika miji ya jirani, Freeport ikiwamo. Watoto wale waliingia darasani kwa haki hizo. Hakuna aliyewafanyia hisani.

Vilevile mzazi ana haki ya mkalimani kwenye kikao cha shule, bila malipo. Tafadhali usikubali mtoto wa miaka 12 akutafsirie matokeo yake mwenyewe. Nimekaa kwenye viti hivyo, nimeona mtoto akikodolea macho meza huku mwalimu anasubiri, na mama anajua kabisa kwamba kuna sentensi imeachwa.

Sasa, nani anaamua? Bodi ya wilaya. Usiichanganye na bodi ya shule ya kwetu, ile inayokutana mara chache na kushauri. Hii inachaguliwa na wakazi wa kila mji, mji wenye watu wengi ukiwa na uzito zaidi katika kura. Ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu wa wilaya, na yeye msimamizi ndiye bosi wa wakuu wa shule wote. Mwalimu naye ni mwajiriwa wa wilaya. Akitaka kufundisha mji mwingine anaomba kazi upya. Meya hawezi kumhamisha, gavana hawezi, rais hawezi.

Wakati wa baridi kali, ofisi inaandaa rasimu ya bajeti. Masika bodi inaipitia usiku baada ya usiku, na vikao ni vya wazi. Kabla ya kura ya Juni kunaitishwa mkutano wa bajeti wa wilaya nzima, mara nyingi ndani ya ukumbi wa mazoezi wa sekondari yenyewe. Mlangoni majina yanakaguliwa na kila mpiga kura anapewa kadi. Jambo la kwanza ni kumchagua mwenyekiti wa mkutano. Kisha sheria inataka bajeti ivunjwe katika mafungu 11, na kila fungu lisomwe na kupigiwa kura peke yake: ufundishaji, elimu ya wenye mahitaji maalumu, usafiri, matunzo ya majengo, madeni, na kadhalika. Mwenyekiti anasoma, anauliza kama kuna mjadala, kadi zinainuliwa juu, zinashushwa, fungu linalofuata. Mkulima wa Pownal anaweza kusimama akauliza kwa nini mabasi mawili mapya na si moja, na msimamizi mkuu wa wilaya lazima amjibu palepale mbele ya watu. Wiki chache baadaye, mwezi Juni, wakazi wanarudi kwenye vituo vya kura vya miji yao kujibu swali moja: ndiyo au hapana kwa bajeti iliyopita mkutanoni. Hapana ikishinda, bodi inarudi mezani, mkutano mwingine unaitishwa, kura nyingine inapigwa, na inaweza kurudiwa tena.

Nilipoliona jambo hili mara ya kwanza nilikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuwasha injini. Ukumbi ule una nafasi ya mamia, na waliokuwamo walikuwa wachache kuliko wageni wa harusi ndogo. Wachache hao ndio waliopitisha mwaka mzima wa watoto wetu wote.

Kuna ngazi moja zaidi ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Wilaya zenyewe nazo huungana. RSU 5, Brunswick na MSAD 75 ya Topsham zinachangia shule moja ya ufundi iliyoko Brunswick, Region 10. Mwanafunzi wa Freeport anaweza kusoma Kiingereza na hisabati shuleni kwake, halafu basi likampeleka huko kwa sehemu ya siku akajifunze ufundi, mithili ya VETA iliyounganishwa na sekondari. Halipi ada, na cheti chake cha kumaliza sekondari ni kilekile. Mzazi mmoja aliniambia mwanawe "ameshushwa" kwa sababu ametajwa kwenda huko. Hakushushwa. Nafasi zenyewe hugombewa.

Anayepiga kura ni raia aliyejiandikisha na anayeishi ndani ya mpaka. Wengi wetu bado hatujawa raia, na hapo ndipo watu hukata tamaa, wakisema asiyepiga kura hana cha kusema. Lakini ajenda ya kikao cha bodi ina muda wa maoni ya wananchi, na hapo huulizwi pasipoti. Unataja jina lako na mji unaoishi, unapewa dakika chache, unasema.

Yule mama wa Uvira alisema, masika yaleyale, katika wilaya ya kwake. Binti yake alikuwa anaacha mpira wa miguu kwa sababu hapakuwa na basi la jioni na yeye mwenyewe hana gari. Tulisimama wawili mbele ya meza ndefu, yeye kwa Kiswahili, mimi kwa Kiingereza, karatasi ikimtetemeka mkononi. Mwenyekiti alimshukuru na kumwambia kuwa swali lake ni la fungu la usafiri, kisha akamtajia tarehe ambayo fungu hilo lingejadiliwa. Mama akaniomba kalamu. Akaiandika ile tarehe nyuma ya karatasi yake, akaipigia mstari mara mbili, akauliza siku hiyo mkutano unaanza saa ngapi.